Nilivyochora bahari ya Pangani kwa hasara

Mimi ni mchora mabango. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika majina ya saluni, bucha na gereji hapa Moshi, nimechora Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye mbavu za magari ya watalii mpaka mkono unaweza kuichora nikiwa nasinzia, na mara mojamoja naletewa picha ndogo ya marehemu niikuze ya kutundika sebuleni. Rangi yangu ni ya mafuta, ya kopo. Ukikosea unasubiri ikauke, unapaka juu yake, na mteja hajui kilichotokea chini.

Tangu mabango ya kuprinti yaingie mjini, kazi imekuwa ya kuokoteza. Kwa hiyo mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shanty Town aliponiita mwezi wa Desemba, nilikwenda nimevaa shati la kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyechora lile basi la shule lenye twiga?"

Ndiye mimi. Akanieleza haja yake. Ni mzaliwa wa Pangani, aliolewa huku Uchagani zamani, mzee ameshatangulia mbele ya haki, na ukumbi wake wa chakula umejaa picha za Mlima tu. Alitaka picha tatu za kwao: mdomo wa mto, ufukwe wenye ngalawa, na mikoko. Rangi ya mafuta hakuitaka. "Nataka zile za maji, nyepesi, ukiitazama unaona kama mwanga unatokea ndani ya karatasi. Unazijua?"

Nikasema nazijua. Hasara yangu ilianzia hapo, kwenye kile kiti cha barazani, kabla sijashika brashi.

Tulikubaliana 450,000 kwa zote tatu, fremu humohumo. Akanipa 200,000 ya kuanzia. Nauli hatukuitaja kwa sababu sikuwa na mpango wa kusafiri. Alinitumia picha kumi na moja kwenye WhatsApp, nikaona zinatosha.

Nilikwenda duka la vifaa vya shule nikanunua manila, seti ya tyubu kumi na mbili za rangi za watoto na brashi mbili. Jumla 38,000. Wiki mbili nilipambana na zile manila. Ukipitisha brashi yenye maji mara ya kwanza inavumilia, mara ya pili uso wa karatasi unaanza kutoa manyoya kama sweta kuukuu, mara ya tatu karatasi nzima imejikunja, maji yanakusanyika mabondeni na kukaukia hukohuko. Nilijilaumu mkono. Kumbe karatasi ndiyo nusu ya kazi. Kwa rangi za maji unahitaji karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ikiwa ya pamba ni bora zaidi kwa sababu inakubali kulowa, kufutwa na kulowa tena. Nyepesi kuliko hiyo inabidi uilowanishe kwanza, uibandike kingo zote nne juu ya ubao kwa utepe wa gundi, uiache ikauke na kujivuta yenyewe ndipo uchore. Ningekuwa na mtu wa kuniambia hayo siku ya kwanza ningempa hata elfu kumi.

Jambo la pili lililonipiga chenga ni nyeupe. Sisi wa kopo tunaweka nyeupe mwisho: jino la simba, theluji ya Kibo, tone la mwanga kwenye jicho. Kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, unaamua kabla ya kuanza ni wapi hutagusa, na ukishapagusa basi. Povu langu la kwanza la mawimbi nililipaka kwa tyubu nyeupe juu ya buluu. Likafanana na chokaa iliyomwagika.

Hata hivyo mwezi wa Januari nilipata moja niliyoipenda. Nikaipeleka. Mama akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Hii bahari ya kalenda, mwanangu. Pangani iko wapi?"

Ilikuwa buluu kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akaweka kidole kwenye upeo. "Na huu mlima?"

Naapa sikukumbuka kuuchora. Mkono umezoea kuweka kitu nyuma, basi ukaweka kilima. Tena upeo wenyewe ulikuwa umepanda kidogo upande wa kulia, kama barabara ya Machame. Bahari haipandi. Siku hizi nabandika utepe wa karatasi kuvuka picha nzima, napima kwa rula pande zote mbili, napaka anga, naubandua.

Mama hakukasirika. Alinimiminia chai akasema alidhani nimekwenda kwao kuchora. Nikaona aibu kumwambia kwamba katika umri wangu wote nimeona bahari mara mbili tu, zote Dar es Salaam, zote nikiwa nimepeleka mtu hospitali.

Kabla ya kuondoka kwenda Pangani niliagiza vifaa vya kweli kutoka Dar: karatasi kumi za pamba, pamoja na usafirishaji 110,000, na tyubu nne na brashi moja nene ya duara yenye ncha, 95,000. Tyubu nne tu. Nilikuwa nimejifunza kusoma ubavu wa tyubu, kwa sababu jina la mbele ni la kuuzia, mali iko kwenye ile namba ndogo. PB29 ni buluu ya ultramarini, PB15:3 ni buluu kali inayoelekea kijani, PY43 ni njano ya udongo, PBr7 ni kahawia ya udongo. Ultramarini ukiichanganya na ile kahawia unapata kijivu cha kila namna, kutoka wingu la mvua hadi kivuli cha mikoko, na kwenye karatasi yenye mikwaruzo chembe zake zinatua kwenye vishimo, zinaonekana kama mchanga wenyewe. Zile kumi na mbili za watoto nilizipaka mistari kwenye kipande cha karatasi, nikafunika nusu kwa kadibodi na kukitundika dirishani palipo na jua. Hadi masika yanaanza waridi ilikuwa imebaki kama doa la chai. Ukiuza picha ya namna hiyo, mteja atakurudia.

Februari nikapanda basi. Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, nikalala Tanga, asubuhi nikachukua gari ya Pangani. Nyumba ya kulala 15,000 kwa usiku, nikalipia siku nne.

Asubuhi ya kwanza nilitoka saa moja na nusu. Ngalawa tano zilikuwa zinaelea karibu na ufukwe, maji yametulia, mwanga laini. Nikafurahi, nikaketi, nikachora ngalawa moja kwa penseli kwa uangalifu wa mtu anayeandika bango la benki. Nikapaka anga. Nikasubiri. Nikapaka maji ya mbali. Nilipoinua kichwa kuchora ngalawa ya pili, ilikuwa imelala ubavu mchangani. Saa nne bahari ilikuwa imekwenda zake huko, mbele yangu ni tope, mwani na akina mama wanaokota. Picha yangu ilikuwa na bahari ya saa moja na nusu na ngalawa za saa nne.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mkungu alikuwa ananitazama muda wote. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe Mchaga?"

"Umejuaje?"

"Umekaa unaisubiri bahari kama unasubiri basi." Akacheka. "Leo bamvua. Mwezi mpevu. Maji yanakwenda mbali, na yanakwenda mbio."

Yeye ndiye aliyenipa darasa ambalo lingeniokolea nauli nzima kama ningeuliza kabla. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, kule kwao maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na asubuhi kama ile yanakupwa hadi saa nne hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na asubuhi yanakuwa yanajaa polepole. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Maana yake, ukirudi kesho saa ileile utakuta mwanga uleule na maji mengine. Ukifuata maji, mwanga utakuwa mwingine. Vyote viwili vinakutana tena baada ya wiki mbili. "Mchoraji njoo maji mafu," alisema, "bamvua waachie wavuvi wa pweza."

Kisha akaiomba ile karatasi. Aliishika kwa mbali, mikono imenyooka.

"Ngalawa yako ina tengo moja. Ngalawa ina matengo mawili, huku na huku, la sivyo inapinduka. Na minazi yako inavuma kusi, tanga lako linavuma kaskazi. Upepo wako unatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Minazi niliitoa kwenye picha ya simu, tanga nililiona pale.

Siku zilizobaki niliharibu karatasi nyingine tatu, kila moja kwa namna yake. Moshi, ukipaka tabaka la rangi mwezi wa Februari, unageuka kuchukua kikombe na limekauka. Pangani hewa imejaa unyevu. Tabaka linaonekana kavu, mng'ao umeondoka, unaweka la pili juu, na dakika chache baadaye maji mapya yanasukuma rangi ya chini na kuacha doa lenye kingo za mikunjo, kama koliflawa. Anga yangu ilikuwa na koliflawa mbili. Dawa yake niliipata baadaye: gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ikiwa ya baridi, ndani bado ni mbichi, hata kama jicho linasema imekauka. Na usijaribu kulirekebisha doa likiwa bichi. Mimi nililifuatafuata kwa brashi mpaka nikatengeneza wingu la mvua ya mawe.

Karatasi ya tatu niliiua kwa ujinga mtupu. Maji yangu ya chupa yaliisha, jua kali, hosteli mbali, nikachota ya bahari. Yale ni maji, nikajiambia. Kuna wachoraji wanaonyunyiza chembe za chumvi kwenye rangi mbichi kwa makusudi ili ipate vinyota, lakini chumvi iliyochanganyika na rangi yote ni habari nyingine. Inavuta unyevu wa hewani. Ile picha haikukauka mpaka naondoka, na ilipokauka Moshi ilikuwa na ukoko mweupe uliochubuka kwa kidole. Beba maji safi lita mbili, kopo moja la kuoshea brashi na jingine la kuchanganyia. Hilo tu.

Picha pekee iliyonipa matumaini niliiviringisha kwenye mfuko wa plastiki nikaiweka kwenye buti la basi. Nani aliweka ndoo ya samaki wenye barafu juu ya mizigo sijui, na sikumuuliza mtu. Nilipoifungua nyumbani ilikuwa na mto mpya, unaopita katikati ya anga, wenye harufu. Mke wangu alinitazama, akatazama ile karatasi, akasema tu, "Baba Neema, kula kwanza." Usiku ule nilipiga hesabu ya kumrudishia yule mama fedha zake. Sikuwa nazo.

Masika yote nikakaa nyumbani nikifanya mazoezi kwenye migongo ya karatasi zilizoharibika. Sikuchora bahari. Nilichora mraba, nikaupaka kutoka giza hadi mwanga bila mstari, mara hamsini labda. Unainamisha ubao kidogo, unaacha ushanga wa maji ukae kwenye ukingo wa chini, kila mpigo wa brashi unaupokea ushanga huo na kuushusha. Mwisho unaunyonya kwa brashi kavu. Kazi ya kuchosha kama kupiga pasi. Lakini ndiyo anga, na ndiyo maji. Nilijifunza pia kupitisha brashi karibu kavu kwa ubavu, haraka, ili rangi ishike kwenye vilima vya karatasi na kuruka vishimo. Vile vyeupe vinavyobaki ndivyo vimeremeto vya jua juu ya maji. Ukipunguza mwendo vinajaa vyote. Hapo mkono wa mabango ulinisaidia, maana sisi tumezoea mstari mmoja wa haraka usiorudiwa.

Safari ya pili ilikuwa mwishoni mwa Juni, mwezi ukiwa nusu, na nilikuwa na bomba la PVC lenye vifuniko viwili, ambalo halikutoka mapajani mwangu toka Moshi hadi Tanga. Mzee wa wavu nilimkuta palepale chini ya mkungu. Safari hii nilikaa siku ya kwanza bila kufungua rangi. Nilichora kwa penseli tu kwenye daftari la mtoto, vipande vidogo kama kiberiti, na pembeni naandika saa na maji yako wapi.

Ndipo nikaona kile ambacho picha za simu hazikuniambia, au ziliniambia nisisikie. Mdomo wa mto Pangani si wa buluu. Karibu ni wa kahawia, kama chai ya maziwa, halafu kuna ukanda wa kijani cha matope, halafu mbali kabisa ndiyo buluu, nyembamba kama uzi. Mpaka kati ya rangi hizo haunyooki, unapindapinda na kusogea.

"Matope yenu hayo," mzee alisema. "Mnaosha Mlima, sisi tunaletewa."

Si uongo kabisa. Mito ya Weruweru, Kikafu na Karanga tunayoivuka kila siku, maji yake yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini. Nilimwambia kwa kujitetea kwamba bwawa linazuia tope jingi, na kwamba huku chini Mkomazi na Luengera zinaleta ya Upareni na Usambara. Akasema sawa, basi gawaneni na Wapare na Wasambaa. Lakini mimi nilibaki nayaangalia. Miezi sita nilikuwa natafuta buluu ya mbali, na kitu chenyewe kilikuwa maji ninayooshea brashi.

Picha ya mdomo wa mto niliichora asubuhi ya tatu, kwa kikao kimoja. Nililowanisha sehemu yote ya maji isipokuwa vipande vitatu vidogo vya mwanga, nikaweka kahawia nyepesi chini, njano ya udongo katikati, na nilipofika juu nikagusa buluu kali kidogo sana, nikaweka brashi chini. Nikakaa juu ya mikono yangu. Sisemi kwa mfano, niliikalia. Rangi zikaingiliana zenyewe, kahawia ikapanda kwenye kijani kwa vidole virefu, vilevile kama kule mbele. Ningeongeza mpigo mmoja ningeua. Mashua nne zilizofungwa nanga nilizichora mwisho, baada ya kupima kwa mgongo wa kidole, nyeusi kwa kijivu changu cha ultramarini na kahawia. Nyuma nikaandika saa mbili na dakika hamsini.

Nyumbani niliitandaza mezani. Upande wa kushoto niliona pako wazi mno. Nikaongeza mashua ya tano.

Kuhusu fremu nitasema kwa kifupi. Fundi wa kwanza aliikandamiza picha ya mikoko moja kwa moja kwenye kioo. Baada ya wiki tatu kona moja ilikuwa imegandamana na kioo na kuanza ukungu. Lazima pawe na ukanda wa kadibodi kuzunguka picha ili kioo kisiguse karatasi, na picha isikae ukuta unaopigwa na jua. Mikoko niliichora upya kutoka kwenye daftari, kwenye karatasi ya mwisho niliyokuwa nayo. Fundi alirudia fremu bila kunidai, namshukuru kwa hilo.

Hesabu sasa. Manila na rangi za watoto 38,000. Karatasi 110,000. Rangi na brashi 95,000. Safari ya kwanza, nauli, malazi na chakula, 170,000. Ya pili 185,000. Fremu tatu 75,000. Jumla 673,000 kwa kazi ya 450,000. Hasara ya 223,000, na siku zangu sijazihesabu. Kosa la manila ni la fundi mgeni, linasameheka. Nauli na malazi kutotajwa kwenye makubaliano ni kosa la mtu mwenye miaka kumi na tisa kazini. Leo mteja akiniambia anataka picha ya mahali, swali langu la kwanza ni nani anayenilipia kwenda kupaona, na nalala siku ngapi. Wengine wanaondoka. Bora waondoke mapema.

Niliwasilisha mwezi wa Agosti. Mama aliziegemeza kwenye viti vitatu vya ukumbini, akavuta cha nne akakaa mbele ya ile ya mdomo wa mto. Hakusema kuhusu rangi. Alinyoosha mkono, akawa anaufuata ule ukanda wa kahawia kwa kidole bila kugusa kioo.

"Maji yanajaa," alisema. "Saa tatu kasoro hivi?"

Nikaigeuza fremu nimwonyeshe maandishi ya nyuma, kisha nikamuuliza amejuaje.

"Mashua si hizi? Omo zote, yaani pua zake za mbele, zinatazama baharini. Maji yakiingia mtoni mashua inayapa uso. Yakitoka, inageuka." Mimi nilikuwa nimezichora nilivyoziona tu, hata sikujua kwamba zinasema kitu.

Akasogeza kiti karibu zaidi. Kidole kikasimama upande wa kushoto.

"Na hii moja mwanangu, nahodha wake kalewa?"